Gari la Kijivu na Mafuta ya Nyonyo

Gari lililomuua mume wangu ndilo lililonipeleka hospitali kujifungua. Kati ya safari hizo mbili zilipita wiki sita na siku moja. Milango ilikuwa ileile minne, viti vilevile, na doa langu kwenye kiti cha nyuma, nililolisugua kwa sabuni mara tatu, lilikuwa bado linaonekana asubuhi mume wangu alipopanga mstari na wenzake kushindana.

Watu nikiwasimulia hudhani nimechanganya mambo. Magari ya mashindano wanayajua kwa picha: membamba kama mtumbwi, hayana paa, magurudumu yamechomoza nje, dereva kakaa peke yake kama aliyetumbukia kwenye pipa. Hayo sisi hatukuyaona. Mashindano yaliyofanyika Bunda miaka michache kabla ya Uhuru yalikuwa ya magari ya kutembelea, yale ya kawaida yaliyokuwa yakipeleka watoto shule, yakibeba gunia la sukari toka gatini, yakisimama mbele ya posta. Mwaka mzima ulikuwa unayapisha barabarani. Siku moja tu, pamba ikishakwisha kuuzwa, yalifutwa vumbi, yakaandikwa namba mlangoni kwa chokaa, yakaachiwa yakimbie.

Sheria zake nilizijua kwa sababu Fundi alinifundisha. Mume wangu nilimwita Fundi, kama mji mzima ulivyomwita. Alikuwa na gereji mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, nyuma ya duka la vifaa la Mhindi mmoja ambaye sisi tulimwita Tajiri, na gari la kijivu lilikuwa la Tajiri huyo. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nilijua kuandika na kutazama saa, basi akanipa kazi ya kumwekea daftari: gari gani limepita wa ngapi, mzunguko wa ngapi, dakika ngapi.

Sheria ya kwanza ni kwamba gari libaki kama lilivyouzwa dukani. Bodi haikatwi, mlango hautolewi, kiti cha nyuma haking'olewi hata kama hakuna atakayekikalia. Ya pili ni kwamba yale yasiyoonekana unaruhusiwa kuyatengeneza vizuri kuliko mwenzako. Unaweza kukaza springi ili gari lisilale kwenye kona. Unaweza kusafisha kabureta mpaka ling'ae, kubadili plagi, kuchagua tairi. Magari hugawanywa kwa ukubwa wa injini, lakini huondoka pamoja, na ndiyo raha yake kwa mtazamaji, maana gari dogo la mwalimu linaweza kulisumbua gari kubwa la meneja mbele ya watu wote.

"Ila usidanganyike na mbio," aliniambia jioni moja, akichora kona kwa kidole kwenye ungo wangu wa unga. "Kwenye barabara iliyonyooka kila mtu anajua kukanyaga mafuta. Mashindano yako hapa." Akaweka kidole pale kona inapoanzia. "Mwenzako akanyage breki hapa. Wewe ngoja. Ngoja. Kanyaga hapa. Umeshampita."

"Na ukichelewa?"

"Umeshaharibu unga wa watu," alisema, akausawazisha ule unga kwa kiganja.

Kwa hiyo tangu mwanzo nilijua kwamba mashindano yale yalikuwa ya breki.

Breki za magari yale zilifanya kazi kwa mafuta maalumu. Unakanyaga pedali, mafuta yanasukumwa ndani ya vibomba mpaka magurudumuni, na viatu vya breki vinabana. Mafuta hayo yaliletwa kwa meli toka Mwanza, na mara nyingi hayakuja. Fundi alikuwa amekwenda vitani na jeshi, akarudi na koti na ujuzi, na katika ujuzi ule mmoja ulikuwa wa kutengeneza mafuta ya breki mwenyewe, kama walivyofanya huko porini walipoishiwa. Yanataka vitu viwili tu, mafuta ya nyonyo na pombe kali.

Nyonyo ilikuwa kazi yangu. Mimi ni mtu wa Butiama, na kwetu minyonyo iliota kwenye ua bila kupandwa. Mama yangu alinifundisha kutoa mafuta yake kabla sijajua kupika ugali. Unakaanga mbegu, unazitwanga, unazichemsha kwenye maji mengi, mafuta yanaelea, unayaengua kwa kijiko. Kisha unayarudisha motoni peke yake, na hapo ndipo penye kazi. Maji yaliyobaki ndani yake yanalia, pa-pa-pa, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Hutakiwi kuondoka. Unakaa, unasikiliza, mpaka sauti inapungua, inakuwa moja moja, inakoma. "Mafuta yakinyamaza yameiva," mama alikuwa akisema. "Yakisema bado, bado."

Pombe ilikuwa gongo, na ilitoka kwa bibi mmoja wa upande wa Kibara aliyeivukiza kwa muhogo. Fundi alimtaka airudie kuivukiza mara tatu. Kabla ya kuipokea aliimimina kwenye kijiko na kuiwasha kwa kiberiti. Ikiungua yote na kijiko kikabaki kikavu, aliichukua. Likibaki tone la maji, aliirudisha. Yeye alikuwa Mwislamu asiyegusa kileo, na majirani hawakumwachia.

"Fundi hanywi," mshona viatu wa jirani alipenda kusema kwa sauti ili wapita njia wasikie. "Gari lake ndilo linalokunywaga. Ndiyo maana likifika kona linayumba!"

Alichanganya vile vitu viwili kwenye chupa, akaiweka dirishani siku tatu. Ikibaki safi, aliitumia. Ikifanya ukungu, aliimwaga. Malori ya kiwanda cha pamba yalisimama kwa mafuta yetu miaka mingi, na hakuna lori lililoshindwa kusimama.

Mwaka ule nilikwenda Butiama kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Uchungu ulinishika siku mbili, mtoto hatoki. Ndugu yangu alipanda baiskeli mpaka Musoma. Fundi hakuomba ruhusa kwa mtu. Alichukua gari la kijivu kutoka gereji, likiwa tayari limefungwa zile springi ngumu za mashindano, akaja. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama, na nakumbuka kwamba njia nzima hakupiga breki ya ghafla hata mara moja. Alilipunguza gari mapema, mbali kabisa na kila shimo, kama mtu anayeweka mtungi chini.

"Unaenda polepole mno, baba," mama alilalamika.

"Mama, hii ndiyo mbio," alijibu.

Binti yetu alizaliwa usiku uleule hospitalini Musoma.

Tajiri alipoliona lile doa kwenye kiti alicheka. "Haya, Fundi. Sasa gari yetu ina abiria wake." Hakumkata hata senti. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya.

Nilikuwa ndani, katika siku zangu arobaini, mashindano yalipokaribia. Mafuta ya breki ya dukani yalikuwa yameagizwa Mwanza na meli haikuleta. Fundi alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Najua hutakiwi kufanya kazi," alisema. "Ila mafuta yako ndiyo ninayoyaamini."

Mama yangu alikuwa amekuja kunitunza, na kwa kawaida angeyatoa yeye. Siku ile alikuwa amekwenda Suguti kwenye msiba wa ndugu yake. Nikasema nitafanya. Mbegu tulikuwa nazo. Nilikaanga, nikatwanga polepole, nikachemsha, nikaengua. Nikarudisha chungu motoni na kukaa kwenye kigoda nikisikiliza. Mafuta yalilia. Yakapungua. Mtoto akaamka ndani, akalia kile kilio cha kukatika pumzi ambacho mama wa mtoto wa kwanza hawezi kukivumilia. Nikaipua chungu, nikaingia ndani.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inaponigomea. Nakumbuka kitambaa nilichoshikia chungu, kilikuwa kipande cha kanga ya rangi ya udongo. Nakumbuka mtoto alikuwa amejifunua miguu. Lakini kama chungu kilikuwa kimenyamaza nilipokiipua, au kama ni kilio cha mtoto kilichofunika sauti ya chungu, sijui.

Mafuta yalijaza chupa moja na robo. Fundi alichukua ile iliyojaa. Robo ilibaki kwangu, kwenye chupa ya kahawia iliyokuwa ya dawa.

Kwa kuwa mafuta yalikuwa yamechelewa, mchanganyiko haukupata siku tatu dirishani. Ulipata moja.

Aliyepaswa kuendesha ni Tajiri mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: Fundi analitengeneza, Tajiri anaendesha, na Fundi anasimama pembeni na spana mfukoni akiguna kila Tajiri anapokanyaga breki mapema. Lakini siku mbili kabla, homa ilimwangusha Tajiri. Akamwita Fundi kitandani kwake.

Fundi alirudi nyumbani akiwa amekunja mikono yake nyuma, kama mtu aliyeficha kitu.

"Nitaendesha mimi," alisema.

Nilimtazama. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka thelathini na tano, mwenye mvi mbili tatu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa Idi ni kesho. Hakuna fundi Mwafrika aliyekuwa ameendesha katika mashindano yale.

Tulipanda lori la kiwanda mpaka Bunda, mimi na mama na mtoto, siku zangu zikiwa zimekwisha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka. Njia ya mashindano ilianza kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba, ikateremka kwenye mashamba, ikakata kona kali chini ya kilima cha mawe, ikarudi. Mizunguko kumi. Watu walikuwa wamejaa kilimani toka alfajiri, wakulima na familia zao, wengine wamebeba viazi vya kuchemsha.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu mwenye orodha mkononi. Alifungua milango yote minne. Aliwasha taa. Akaingia kukaa kiti cha nyuma, akaliona doa.

"Hii nini?"

"Ni binti yangu, Bwana," Fundi alijibu.

Waliosikia walicheka mpaka mkaguzi naye akatabasamu. Kisha akatazama orodha tena. "Na dereva yuko wapi?"

"Ni mimi."

Mkaguzi aliwaendea wenzake mezani. Walifungua kile kitabu cha sheria, wakakisoma mbele na nyuma. Kiliandika habari za paa na viti na bampa. Juu ya rangi ya dereva hakikuandika kitu, nadhani kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba itahitajika. Mkaguzi akarudi, akapiga tiki.

"Fundi!" mtu mmoja alipaza sauti kilimani. "Usisahau kwamba hilo lina gia ya mbele pia!"

"Mwacheni!" mwingine akajibu. "Huyo alikuwaga ananitengenezea baiskeli, na mpaka leo sijaanguka."

"Hujaanguka kwa sababu hujamaliza kumlipa, amekufunga breki!"

Fundi aliinua mkono dirishani bila kugeuka. Ndiyo mara ya mwisho kuona mkono wake ukifanya mzaha.

Daftari ninalo. Magari tisa yaliondoka. Mzunguko wa kwanza alipita wa saba. Wa pili, wa sita. Wa tatu, wa sita. Wa nne, wa nne, na hapo kilima kilianza kupiga kelele. Nilikuwa nimekaa juu kidogo ya ile kona kali na niliona kila kitu alichonichorea kwenye unga. Taa nyekundu za breki za wenzake ziliwaka kwenye mti wa mgunga. Yeye aliupita ule mti, akapita kichuguu, ndipo zake zikawaka. Gari lilijikunja, likakaa sawa, likatoka konani likiwa mbele ya mtu. Springi zilikuwa kazi yake, tairi chaguo lake, na niliona fahari ambayo sijaiona tena kwa jambo lolote. Mzunguko wa sita, wa tatu. Wa saba, wa pili. Mbele yake lilibaki gari moja kubwa jeusi la meneja wa mgodi.

Harufu ya breki zilizochemka ilikuwa imeanza kufika mpaka tulipokaa. Mama alifunika pua ya mtoto kwa kanga.

Mzunguko wa nane, kalamu yangu iliandika namba nane na kuishia hapo.

Gari jeusi liliwasha taa kwenye mgunga. La kijivu likaupita mgunga, likapita kichuguu. Taa zake ziliwaka, zikazima, zikawaka, zikazima, haraka haraka, na gari halikupungua. Alikuwa anapampu pedali. Upande wa kushoto wa kona walikuwa watu. Kulia yalikuwa mawe. Nilimwona akigeuza usukani kulia, mapema, kabisa kabisa, bila kusita.

Walimweka kwenye lori la kiwanda, lilelile tulilopanda asubuhi, nami nikapanda nyuma nikashika kichwa chake. Lori lilikwenda kasi kuelekea Musoma, na kwenye kila mteremko lilisimama vizuri, breki zake zikishika kama zilivyoshika siku zote, kwa mafuta tuliyoyatengeneza mimi na yeye mwaka wa nyuma. Alikata roho kabla hatujafika mjini. Hakusema neno la kuandika.

Karatasi ya ukaguzi ilisema dereva alikuwa mgeni wa mashindano na alikwenda kasi kupita uwezo wake. Siku ya nne baada ya maziko, meli ilileta kopo la mafuta ya breki. Tajiri, akiwa bado amekondeana kwa homa, alikuja na lile kopo mpaka mlangoni, akaondoka nalo.

Fundi mwingine, aliyefanya kazi na mume wangu pale gereji, ndiye aliyenieleza. Alikuja baada ya wiki, akakaa barazani.

"Shemeji, nimelikagua gari," alisema. "Mafuta hayakuvuja. Vibomba vizima. Na pedali, nilipoikanyaga kesho yake, ilikuwa ngumu kama jiwe. Nzuri kabisa."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ilishindwa ikiwa moto, ikapona ilipopoa. Hayo ni maji. Maji kidogo ndani ya mafuta hayana neno kwenye lori, hayapati moto wa kutosha. Lakini kwenye kona ile, mara nane, breki zinawaka. Maji yanachemka ndani ya bomba, yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Mguu unakwenda mpaka chini." Alitazama miguu yake. "Ni yule bibi wa Kibara. Ametuuzia gongo la maji."

"Fundi aliliwasha kwenye kijiko," nikasema. "Aliliwasha kila mara."

"Mara hii alikuwa na haraka, shemeji."

Niliinuka kwenda kwa mtoto. Alichukulia kwamba nimekubali.

Habari ikaenea. Watu waliacha kununua kwa yule bibi. Mtu fulani akaipeleka habari kwa askari, ambao siku zote walijua alipokuwa akivukiza na hawakujali. Sasa wakajali, wakavunja vyungu vyake na mabomba yake. Kabla ya hapo yule bibi alikuja kwangu, kwa miguu na kwa lori, kuhani msiba. Alikuwa mwembamba, na shuka lake lilinuka moshi. Alilia sawasawa, kama mtu anayelia wake. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi niliirudia kuivukiza mara tatu kama alivyotaka. Aliwasha kijiko mbele yangu. Kilikuwa kikavu." Sauti yake haikuwa ya kushitaki, alikuwa anauliza tu kama mtu anayetaka kuelewa. "Na mafuta je? Yalitolewa na nani?"

Mama yangu alikuwa amekaa pale. Alinitazama. Mtoto alikuwa amelala.

"Mafuta yalikuwa mazuri," nikasema.

Yule bibi aliitikia kwa kichwa. Sikumwona tena. Nilisikia alihamia kwa watoto wake ng'ambo ya ghuba, na kwamba alikufa huko akiwa bado anaitwa jina baya kwa ajili ya mume wangu.

Ile robo ya mafuta bado ninayo. Chupa ya kahawia haionyeshi kilichomo. Inakaa kwenye kabati, nyuma ya sahani za wageni, na nimehama nayo nyumba tatu. Kuijua kweli hakuhitaji mkaguzi wala fundi. Ni kumimina kijiko kimoja kwenye sufuria, kuweka motoni, na kusikiliza kama yatalia au yatanyamaza. Mama alipokuwa hai aliwahi kuitoa kabatini, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka nje kuniachia jiko. Nilikaa pale mpaka mkaa ukawa majivu. Kizibo hakijafunguliwa.